Kubadilisha taa ya dari: swichi ya ukutani haikati kila kitu

Kufungua taa mbovu ya dari na kufunga nyingine ni kazi ya skrubu mbili na nyaya mbili tatu. Urahisi huo ndio unaoponza watu. Mtu anazima swichi ya ukutani, anapanda juu ya stuli, anaanza kufungua akiamini umeme umeshakatika. Swichi ile iliwekwa kwa ajili ya balbu, haikuwekwa kwa ajili ya vidole vyako. Katika nyumba nyingi umeme hufika kwanza darini, ndipo ukashuka hadi kwenye swichi na kupanda tena juu. Ukizima swichi balbu inazimika, ila pale pale kwenye taa kunabaki waya wenye moto, yaani wenye umeme, saa 24.

Wala hauhitajiki umeme mwingi ili ukudhuru. Balbu ya LED ya wati 10 kwenye volti 230 inakula takriban miliampia 43. Kifaa cha RCD cha nyumbani hutengenezwa kikate mkondo unaovuja ukifika miliampia 30, kwa sababu juu ya hapo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Maana yake kile kinachowasha balbu ndogo tu kinatosha kuua. Sakiti breka ya ampia 6, ile swichi ya boksi kuu inayojikata mkondo ukizidi, haina habari na kiasi hicho; kwake yeye ni sawa na balbu moja kuwashwa. RCD nayo haikuoni ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa mwingine huku umesimama juu ya ngazi ya mbao, maana mkondo unaotoka na unaorudi unalingana. Kinachobaki kukulinda ni kukata umeme wenyewe, na kuhakikisha umekatika.

Huenda taa haijafa

Kabla hujanunua chochote, weka balbu unayojua ni nzima. Isipowaka, tazama taa nyingine zinazotumia breka hiyo hiyo. Zikiwa zimezimika zote, tatizo liko kwenye breka au kwenye kiungo kilichoachia njiani, na taa mpya haitabadilisha kitu.

Holda za balbu ya kusokota zina ulimi wa shaba chini katikati. Balbu ikikazwa kwa nguvu miaka nenda rudi, ulimi unalala na haugusi tena kitako cha balbu. Umeme ukiwa umekatwa na kupimwa, ulimi huinuliwa milimita 2 au 3 kwa ncha ya bisibisi na taa ikapona. Lakini ukikuta ulimi umekuwa mweusi, au plastiki ya holda imegeuka kahawia na inameguka ukiigusa, holda imekwisha. Usipoteze muda kuikwangua.

Kwa taa bapa za LED, zile zisizo na balbu ya kutoa, mara nyingi kinachotangulia kufa ni draiva, kile kijiboksi kilicho kati ya waya wa umeme na bodi ya LED. Dalili zake ni kupepesa, au kuwaka sekunde chache na kuzimika kisha kurudia. Draiva hununuliwa peke yake, mradi ilingane na ya zamani: mkondo wa kutoka uwe ule ule (tuseme 300mA), na masafa ya volti yafanane (tuseme 36–72V). Ukifunga yenye mkondo mkubwa zaidi, taa itang'aa kweli, halafu LED zitajichoma. Na ukiona nukta nyeusi katikati ya chipu za LED, draiva mpya peke yake haitaifufua.

Kabla ya kulipia taa mpya

Geuza boksi usome lebo. Volti kwanza. Kisha wati za juu zinazoruhusiwa, maana kivuli kilichofungwa pande zote hakipitishi hewa na joto la balbu kubwa hupika holda pamoja na nyaya zilizo juu yake. Hilo ndilo linaloua holda nyingi, kuliko hata ubovu wa kiwandani.

Kisha tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Taa yenye alama hiyo ina tabaka mbili za kuhami na haihitaji ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Taa ya chuma isiyo na alama hiyo lazima iungwe ethi, na ndani utaona skrubu yake maalum. Ukifungua dari ukakuta hakuna waya wa ethi, nunua ya miraba miwili. Kuna wanaounga skrubu ya ethi kwenye nyutro ili "wamalize kazi". Hilo ni hatari kubwa: siku nyutro ikiachia mahali popote huko nyuma, umeme utapita kwenye balbu, utarudi kwenye nyutro iliyokatika, na mwili mzima wa taa utakuwa na moto.

Bafuni, karibu na maji ya bomba la mvua, tafuta angalau IP44, alama ya taa inayostahimili maji yanayorushwa. Uzito nao una mipaka kwa taa inayoning'inia kwa waya wake wenyewe: waya wa 0.5mm² hubeba hadi kilo 2, wa 0.75mm² kilo 3, wa 1mm² kilo 5. Ukizidisha, taa itundikwe kwa mnyororo au ndoano iliyoshika kwenye boriti, na waya ubaki umelegea.

Kukata, kufunga, kutangaza

Zima breka ya taa kwenye boksi kuu. Kama breka hazina majina, au majina yake huyaamini (na mara nyingi hayaaminiki), zima meni swichi nzima na ufanye kazi mchana. Penye fyuzi za kuchomoa, ichomoe na uiweke mfukoni mwako. Usiiache juu ya boksi. Breka iliyoshushwa ibandike utepe na karatasi yenye maneno "usiwashe, mtu yuko darini". Kisha waambie watu wote wa nyumbani. Anayerudi kutoka nje na kukuta giza, kitu cha kwanza atakachofanya ni kwenda kupandisha breka, na hatakuwa na kosa.

Nyumba yenye sola, betri na inveta, au jenereta ina mlango wa pili wa umeme. Ukizima meni, inveta inaona umeme umekatika na inafanya kazi iliyonunuliwa ifanye: inawasha taa zako kutoka kwenye betri. Izime nayo, na ukate swichi ya kutokea kwake. Angalia pia taa za ngazi na korido zenye swichi mbili, moja kila upande. Hapo hata ukitazama swichi huwezi kujua ipi ni "imezimwa".

Halafu pima. Tesita ya bisibisi yenye kitaa ndani ni ya kubahatisha. Hutegemea mkondo mdogo sana unaopita kwenye mwili wako hadi ardhini, kwa hiyo ukiwa umevaa viatu vya mpira juu ya ngazi ya mbao inaweza kukaa kimya penye moto kamili. Mwanga wa jua nao huficha kitaa chake. Haiwezi kabisa kukuambia kama nyutro iko au imekatika. Itumie kama onyo, kamwe isiwe uthibitisho.

Chombo cha kuaminika ni tesita ya ncha mbili, au maltimita nzuri iliyowekwa kwenye volti za AC. Kwenye maltimita, hakikisha waya mwekundu umechomekwa kwenye tundu la volti. Ukiwa kwenye tundu la ampia, kugusa moto na nyutro ni sawa na kuunganisha nyaya hizo mbili kwa kipande cha shaba mikononi mwako.

Utaratibu ni huu: gusa kwanza mahali unapojua pana umeme, kama soketi ambayo haijakatwa, uone chombo kinasoma. Panda, pima moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Shuka, rudi kwenye ile soketi upime tena. Safari ya pili ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayokuambia kwamba betri ya chombo haikufia darini. Kama ulizima meni yote na hakuna soketi yenye umeme, fanya jaribio la kwanza kabla ya kuzima, na la mwisho kwenye chanzo kingine kinachojulikana. Pima kila waya unaouona, ukiwemo ule unaoonekana hauna kazi.

Maltimita ya dijitali inaweza kuonyesha volti 20, 40 au zaidi kwenye waya usiounganishwa na kitu, kwa sababu umedandia umeme wa waya jirani aliyelala naye sambamba. Tesita ya ncha mbili yenye mzigo ndani hushusha namba hizo hadi sifuri. Kama huna, na namba haishuki, chukulia kwamba umeme upo na utafute ulikotoka.

Kushusha ya zamani

Ngazi iwe ya miguu minne, ya mbao au ya plastiki ngumu. Alumini hupitisha umeme. Usisimame kwenye kidato cha juu kabisa. Vaa tochi ya kichwani, maana umezima taa, pamoja na miwani, kwa sababu uchafu wa dari hudondokea machoni. Mtu wa pili ashike taa chini wakati unafungua. Taa inayoning'inia kwa nyaya zake huzivuta, na nyaya zilizokwisha kukauka hukatika usawa wa dari, ambako huwezi kuzifikia.

Ukiwa na dari ya zamani ya bodi za asbesto, usiitoboe wala kuikwangua. Tumia matundu yaliyopo, au mwachie mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Taa za mirija ya floresenti ziache dakika kadhaa baada ya kukata umeme, kwa sababu kapasita yake inaweza kuwa bado imebeba chaji. Toa mirija kwanza na uiweke mbali; ndani yake mna zebaki, isipasuke miguuni mwako.

Vua kifuniko, kisha kabla hujalegeza skrubu hata moja ya nyaya, piga picha. Piga ya pili kwa pembe nyingine. Baada ya hapo funga kipande cha utepe kwenye kila kundi la nyaya na uandike: A, B, C. Usiandike "moto" au "nyutro" kwa kukisia rangi. Andika tu zilikuwa zimekaa wapi. Waya wa ethi uwe wa mwisho kutolewa, na kwenye taa mpya uwe wa kwanza kuungwa.

Nyaya zilizo juu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tuende taratibu.

Hali rahisi ni kukuta nyaya mbili au tatu tu: mmoja wa moto uliotoka kwenye swichi, nyutro, na ethi. Hapo mgawanyo wote umefanyika kwenye swichi au kwenye boksi la kuungia mahali pengine, na unachofanya ni kuunga kama ulivyokuta.

Hali ya pili ni ile ya silingi rozi, kikombe cha plastiki kilichobanwa darini, chenye kebo tatu zinazoingia. Kebo moja inaleta umeme. Nyingine inaupeleka kwenye taa inayofuata. Ya tatu inashuka kwenye swichi. Ndani ya kikombe nyaya zimepangwa hivi: safu moja, kwa kawaida ya katikati, ina nyaya tatu za moto zilizounganishwa pamoja, yaani wa kuja, wa kwenda taa ya pili, na wa kushuka kwenye swichi. Taa haigusi safu hiyo kabisa. Safu nyingine ina nyutro mbili pamoja na nyutro ya taa. Safu ya tatu ina waya mmoja tu kutoka darini, ule unaorudi kutoka kwenye swichi, na huo ndio unaoungwa na upande wa moto wa taa. Ethi zote zinakaa pamoja. Kama taa ni ya mwisho kwenye mstari, kebo zitakuwa mbili badala ya tatu.

Sasa mtego. Kebo inayokwenda kwenye swichi ina rangi zile zile za kebo nyingine. Mmoja wa nyaya zake ni bluu (au mweusi kwenye nyumba za zamani), na waya huo wa bluu si nyutro. Ndio unaorudisha moto kutoka kwenye swichi. Unatakiwa kuvikwa utepe wa kahawia au mwekundu kwenye ncha ili usimdanganye mtu, na mara nyingi hauvikwi. Mtu asiyejua anakusanya nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja, anaunga taa katikati yake, na kila kitu kinaonekana nadhifu kuliko alivyokikuta. Anapandisha breka: taa inawaka bila hata kugusa swichi. Anabonyeza swichi ili aizime: paa, breka inajikata. Swichi imeunganisha moto na nyutro moja kwa moja.

Rangi zenyewe haziafikiani duniani. Mfumo unaotumiwa Ulaya na nchi nyingi nyingine ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo ndani ya kuta nyingi, ni nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Uingereza yenyewe ilianza kuruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuzilazimisha mwaka 2006. Marekani nyeusi ndiyo moto na nyeupe ndiyo nyutro. Kwa hiyo waya mweusi unaweza kuwa nyutro, moto, au marejeo ya swichi, kutegemea nyumba na aliyeijenga. Rangi ni dokezo tu.

Ukipoteza mpangilio, bado kuna njia ya kuutambua waya wa swichi bila kuwasha umeme. Nyaya zote zikiwa zimeachanishwa na umeme umekatwa, weka maltimita kwenye mlio wa mwendelezo (inalia pale njia ya umeme inapokuwa imeungana), shika nyaya mbili za kebo moja, na mtu abonyeze swichi. Kebo ambayo mlio wake unakuja na kuondoka kwa kubonyeza ndiyo ya swichi. Kebo nyingine zinaweza kuonyesha chochote kupitia balbu za vyumba vingine, lakini hazitabadilika. Nyaya zikija mojamoja ndani ya bomba badala ya kebo, fanya jozi kwa jozi hadi uipate.

Taa nyingi mpya zina matundu mawili tu na skrubu ya ethi. Hazina mahali pa kuweka ule mkusanyiko wa moto unaopita. Usiukate wala kuuacha wazi, la sivyo vyumba vinavyofuata vitakuwa giza. Uunge kwenye konekta (kiungio kidogo cha kubana nyaya) yake peke yake na uupumzishe ndani ya boksi au kitako cha taa. Kwa kebo tatu utahitaji konekta nne: moja ya nyaya tatu za moto unaopita, moja ya nyutro mbili na ya taa, moja ya marejeo ya swichi na moto wa taa, na moja ya ethi yenye nafasi nne au tano. Zile zenye vijiko vya kuinua zinafaa kuliko zote darini, kwa sababu unafanya kazi mikono ikiwa juu na shingo imepinda, na bisibisi ndogo huteleza. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe si kiungo. Gundi ya utepe hukauka kwa joto, nyaya hulegea, mahali palipolegea panapata joto zaidi, na mzunguko huo hauna mwisho mzuri.

Kushikilia taa darini

Taa nyepesi kwenye mbao: skrubu za 4 × 40mm zinatosha, ziingie kwenye ubao wenyewe na si kwenye bodi pekee. Gongagonga dari usikilize sauti inapobadilika kuwa nzito, kisha tafuta kwa msumari mwembamba mahali ambapo kitako cha taa kitafunika tundu.

Kwenye zege, toboa kwa biti ya 6mm kina cha milimita 40 hivi, puliza vumbi litoke, ingiza rolplagi (plagi ya plastiki inayoshika skrubu) ya 6mm. Vumbi likibaki, rolplagi haizami yote na skrubu inaisukuma nje. Bomba la nyaya hupita ndani ya zege na kuingia kwenye boksi kutoka upande mmoja au zaidi. Mulika ndani uone linaingia upande gani, na usitoboe kwenye mstari huo. Drili ya betri ndiyo inayofaa, kwani umeme wako umezimwa.

Jipsamu haishiki skrubu. Kuna nanga za mabawa zinazofunguka juu ya bodi, na kwa taa nyepesi zinafaa. Taa nzito haina njia ya mkato: pita juu ya dari, laza ubao kati ya boriti mbili, na skrubu zishike kwenye ubao huo.

Kuunga

Kagua ganda la nyaya kwanza. Juu ya holda iliyokuwa ikipata joto, sentimita chache za mwisho huwa ngumu na hupasuka ukizikunja. Kata hadi ufike penye ganda laini. Ukibakiwa na waya mfupi mno, ongeza kipande cha unene ule ule kwa konekta, usiuvute ukakaza.

Menya milimita 8 kwa konekta za skrubu, na kama milimita 11 kwa zile za vijiko. Mara nyingi kipimo kimechorwa ubavuni. Ukimenya pungufu, skrubu inabana ganda badala ya shaba: taa inawaka leo na kupepesa mwezi ujao. Ukizidisha, shaba inabaki wazi nje. Usiukwaruze waya mgumu kwa kisu, maana mkwaruzo ndio mahali utakapovunjikia ukiukunja. Waya wa nyuzi nyingi kutoka kwenye taa usokote nyuzi zote ziingie. Uzi mmoja ukibaki nje unatosha kugusa jirani.

Baada ya kukaza kila kiungo, vuta waya mmoja mmoja kwa vidole. Ukichomoka sasa ni afadhali kuliko kuchomoka ukiwa umefunika.

Kwenye holda ya kusokota, moto uende kwenye ulimi wa katikati na nyutro kwenye ganda la hesi. Ukigeuza, taa itawaka vilevile, lakini kila atakayebadilisha balbu swichi ikiwa imewashwa atakuwa na vidole karibu na chuma chenye moto. Holda ya pini mbili haijali upande.

Mwisho, zikunje nyaya ziingie zote kwenye nafasi yake kabla ya kukaza kitako. Waya uliobanwa kati ya ukingo wa chuma na dari ni sababu ya kawaida ya breka kujikata kwenye kazi iliyounganishwa vizuri kabisa.

Kuwasha, na kusoma kinachotokea

Shuka ngazi. Swichi iwe imezimwa, pandisha breka, kisha bonyeza swichi ukiwa chini. Iache taa iwake nusu saa, kata umeme tena, upandishe mkono kwenye kitako: uvuguvugu ni kawaida, ila harufu ya plastiki au sehemu moja yenye joto kuliko nyingine ni kiungo kilicholegea.

Breka ikijikata mara tu unapobonyeza swichi, umeunga waya wa swichi na nyutro. Ikijikata kabla hujagusa swichi, kuna waya umebanwa au shaba zinagusana. Taa ikiwaka muda wote bila kujali swichi, imeungwa kwenye moto unaopita. Vyumba vya mbele vikiwa giza, kuna waya wa kupitisha haukurudishwa kwenye kundi lake. Ikishuka RCD peke yake na breka ikabaki juu, tafuta nyutro iliyogusana na ethi au mwili wa taa. Kwa yoyote kati ya hayo, kata umeme na upime upya kabla ya kupanda. Kupandisha breka mara ya pili na ya tatu "kuona kama itashika" kunaunguza nyaya.

Kuna hali ambazo mimi ningefunika tundu, nikaacha breka chini na kumwita fundi umeme: nyaya za alumini, ganda la mpira au kitambaa linalomeguka, shaba iliyokuwa nyeusi hadi ndani, au umeme usiokatika kwa breka yoyote unayoijua. Na katika nchi ambazo sheria inataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni, huyo ndiye wa kuanza naye.

Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku swichi ikiwa imezimwa mara nyingi haina ubovu. Ama swichi ina kitaa kidogo ndani kinachopitisha mkondo mdogo kupitia balbu, ama waya wa swichi umelala sambamba na wa moto kwa umbali mrefu, ama swichi imefungwa kwenye nyutro. Ya kwanza hutatuliwa kwa kubadilisha swichi, ya pili kwa kapasita maalum ya taa za LED inayofungwa sambamba na taa. Ya tatu ndiyo ya kuitafuta kwa uzito, kwa sababu ina maana kwamba holda ina moto hata swichi ikiwa imezimwa: umeme ukiwa umekatwa, fungua swichi na ufuatilie kwa mwendelezo kama waya unaoingia humo unatokea kwenye breka au kwenye baa ya nyutro, kile chuma cha boksi kuu kinachokusanya nyutro zote. Ukitokea kwenye baa ya nyutro, moto na nyutro zilibadilishana mahali fulani kabla ya swichi, na hapo ndipo pa kurekebisha.